Je, Kazi ya Mganga Hukoma Kaburini?

Huku kwetu Mkwaja, katika wilaya ya Pangani, mtu akifiwa na mtoto watu hukusanyika, Waislamu na Wakristo pamoja. Mikeka hutandikwa, chakula hupikwa, matanga hukaliwa. Lakini mtoto akiwa amejiua, watu huja wakinong'ona: Wazazi walimfanya nini? Basi wazazi wale hupotewa mara mbili, kwanza na mtoto, kisha na majirani.

Twauliza: mganga wa zahanati aliyemjua mtoto yule tangu siku za chanjo, je, kazi yake imekwisha? Wengine husema, Ndiyo, maana kifo hakina dawa. Sisi twasema, Sivyo. Mgonjwa mmoja amekwenda, lakini wawili wamebaki.

Twajua kwamba mganga naye huona uchungu. Hujiuliza, Mbona sikutambua? Tena huogopa kulaumiwa, naye hujitenga. Lakini wazazi wakiona hawafikii, hudhani kwamba amewahukumu.

Basi na aende nyumbani kwao, asingoje waje, maana aibu huwafunga miguu. Amtaje marehemu kwa jina lake, akiri kwamba yeye naye anasikitika, kisha asikilize. Wakiuliza, Tulikosa nini? asijifanye kujua yote, wala asiwatwike hatia. Awaambie lililo kweli, ya kuwa mara nyingi sababu ni nyingi zilizofungamana, na ugonjwa wa akili huweza kufichika hata machoni pa mzazi apendaye. Aulize habari za usingizi wao na chakula chao. Aulize waziwazi kama wao nao wanatamani kufa; swali hilo halipandi wazo moyoni, bali humfungulia mtu mlango wa kusema. Tena arudi baada ya arobaini, wageni wakiisha kwenda zao.

Kule Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari walianza nyumba mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, nayo baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Hata leo ni kazi ya Kanisa letu. Ikiwa twakiri kwamba akili huugua kama mwili, mbona twawahukumu wazazi wa aliyeugua? Hofu ya sheria nayo imefunga vinywa vya wengi, maana katika Tanzania kujaribu kujiua kumeandikwa kuwa kosa. Huko Kenya, mwezi wa Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria ya namna hiyo ni kinyume cha Katiba.

Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba, wasiseme neno, na hapo walifanya vema. Walikosa walipoanza kutafuta dhambi yake. Basi sisi washarika tusimwachie mganga kazi hii peke yake. Twende pamoja naye, tukae mkekani, wala tusiulize lisilotuhusu.