Mwenye Pikipiki Mbili

Wazee walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hii ni kweli kwa mikono, maana nguvu za mikono zina mpaka. Je, ni kweli vile vile kwa mali? Mtu aliye na chombo kimoja kinachomtosha, akanunua cha pili cha namna ile ile, ameongeza utajiri wake au ameongeza mashaka yake? Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake limo jambo kubwa: mtu huweka wapi matumaini yake?

Tutazame mfano wa karibu. Mji wa Voi uko katika njia kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, penye joto na vumbi jekundu. Ukienda Mwatate, kisha ukapanda hadi Wundanyi, waiacha nchi ya mkonge na vichaka, waingia milima ya Wataita, ambayo kilele chake kirefu, Vuria, kina mita 2,208 juu ya bahari. Usipopanda, ukashika njia ya magharibi, barabara yakupeleka Taveta, safari ya kiasi cha kilomita 110, na sehemu yake hupita katika mbuga ya Tsavo Magharibi. Katika nchi kama hii pikipiki si pambo. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo, na tangu hapo zimefika hata vijiji ambavyo gari halikuweza kupanda. Hubeba abiria, mgonjwa, kabichi na gunia la mahindi. Mwenye pikipiki akiharibikiwa njiani usiku, hasara yake si ya fedha tu; ndovu huvuka barabara za huko, wala hawana desturi ya kumpisha msafiri.

Namjua mtu mmoja wa Voi aliye na pikipiki mbili. Ya kwanza aliinunua kwa sababu ya kazi. Ya pili aliinunua kwa sababu aliacha kuiamini ya kwanza. Kila mlio mpya wa injini ulimtia hofu, na kila mlima ulimfanya asikilize badala ya kutazama mbele. Alipoleta nyumbani pikipiki mpya alidhani amenunua usingizi.

Chukua kalamu, msomaji, tufanye hesabu. Tuseme kila pikipiki hukataa kwenda siku 1 katika 20. Mwenye moja atakosa safari siku 20 katika 400. Mwenye mbili atakosa safari siku ile tu ambayo zote mbili zimekataa, yaani siku 1 katika 400. Faida kubwa! Walakini hesabu pia siku ambazo pikipiki moja au zote mbili ni mbovu: ni siku 39 katika 400. Kukwama kwake kumepungua mara ishirini, na siku zake za kumtafuta fundi zimekaribia kuongezeka maradufu. Tena hesabu hii ni kweli endapo ubovu wa moja hauhusiani na ubovu wa nyingine. Zikinywa petroli chafu ya pipa moja, au zikitunzwa na mkono mmoja mvivu, zitaanguka pamoja.

Kuna tatizo jingine ambalo muuzaji hamwambii mnunuzi. Chombo kinachowekwa akiba hakikai kama kilivyowekwa. Betri hupungua nguvu, mnyororo hushika kutu, na petroli iliyolala muda mrefu huacha utando unaoziba vijitundu vya kabureta. Hivyo pikipiki iliyohifadhiwa kwa siku ya shida yaweza kuwa ndiyo isiyofaa siku hiyo ikifika. Dawa yake ni kuiendesha mara kwa mara. Lakini ikiendeshwa mara kwa mara, si akiba tena.

Nisije nikaonekana adui wa starehe. Mtu huyu hufurahia pikipiki zake, wala simlaumu. Ile ya zamani huiwasha kwa teke la mguu, na kabureta yake ilirekebishwa kwa hewa nzito ya Voi. Akifika Wundanyi, ambako hewa ni nyepesi, injini hupata petroli nyingi kuliko hewa, ikakohoa na kulegea. Ile mpya hupanda bila manung'uniko. Kwa kuwa na mbili amejua ni uzito gani uliokuwa wa mlima, na ni uzito gani uliokuwa wa chombo. Mwenye moja hawezi kuyatenga mambo hayo. Huilaumu pikipiki kwa makosa ya mlima, au mlima kwa makosa ya pikipiki. Maarifa ya namna hiyo yana thamani, nami nadhani ndiyo raha halisi ya kumiliki zaidi ya kimoja.

Lakini usiku mmoja jirani alibisha hodi. Mama yake alikuwa mgonjwa huko Wundanyi, naye hakuwa na chombo. Mwenye pikipiki moja angeweza kusema kwa haki kwamba asubuhi anaihitaji. Mwenye mbili hakuwa na udhuru huo. Alinunua ya pili ili asimtegemee mtu, na sasa ilikuwa imemfanya mtu wa kutegemewa. Akasimama uani na funguo mbili mkononi, mbele ya swali ambalo hesabu yetu haikulitaja: atoe ipi? Akitoa ile asiyoiamini yeye mwenyewe, ampeleke mwenzake gizani penye ndovu na mlima, je, ametoa msaada au ameondoa lawama? Na akitoa ile nzuri, aliinunua kwa ajili gani?

Aliniambia kwamba alisimama pale kwa muda ambao hapendi kuutaja. Kisha akampa jirani ufunguo wa pikipiki mpya. Alfajiri aliipiga teke ile ya zamani mara nyingi, ikakataa kuwaka. Akaiegemeza ukutani, akaenda kazini kwa miguu.