Bi. Asma na Mzigo wa Kokwa

Ndugu zangu wa Bigwa, na nyinyi wa kule juu milimani, nisikilizeni! Mabinti zetu tunawaita Asma. Kwenye Maulidi tunamsifu Asma. Tunasimulia usiku ule wa Hijra, Mtume (S.A.W.) na Sayyidna Abu Bakr wakielekea pango la Thaur, na huyu binti wa Abu Bakr, alipokosa kamba ya kufungia chakula na kiriba cha maji, akaupasua mshipi wake vipande viwili. Ndipo akaitwa Mwenye Mishipi Miwili. Abu Jahl, adui wa Mtume, akaja mlangoni kumhoji baba yake yuko wapi. Akamzaba kofi hadi kipuli kikamdondoka sikioni, na siri hakuitoa.

Hapo tunatoa machozi, tunakula pilau, tunarudi nyumbani. Na kokwa je? Nani kati yetu anasimulia habari za kokwa?

Kisa kimo katika Sahihi ya Bukhari, na msimulizi ni Bi. Asma mwenyewe. Aliolewa na Zubeir bin Awwam, sahaba mkubwa aliyebashiriwa pepo, lakini wakati huo fukara: farasi wake, ngamia wa kutekea maji, basi. Bi. Asma akawa ndiye wa kulisha farasi, kuteka maji, kushona ndoo ya ngozi, kukanda unga. Mkate hakujua kuuoka vizuri, akiokewa na majirani zake, wanawake wa Kiansari. (Nakipenda kipande hiki. Mwanamke aliyemshinda Abu Jahl hakuona aibu kusema mkate ulimshinda.) Na kila mara alikwenda kwenye shamba la Zubeir, kama maili mbili, akarudi na kokwa za tende kichwani, chakula cha mnyama.

Siku moja akakutana njiani na Mtume pamoja na Maansari. Mtume akampigisha ngamia wake magoti ili ampakie. Bi. Asma akaona haya, akakumbuka wivu wa mumewe, akabaki na mzigo wake. Alipomweleza Zubeir, yule bwana aliapa kwamba kumwona mkewe na kokwa kichwani kunamuuma kuliko kama angepanda. Baadaye baba yake, Abu Bakr, akampelekea mtumishi wa kumtunza farasi, na Bi. Asma akasema ilikuwa kama ameachwa huru.

Sasa simameni alfajiri kwenye barabara inayotoka Bigwa kwenda Kisaki! Mama anashuka na mkungu wa ndizi juu ya ngata, mtoto mgongoni, anawahi Soko la Chifu Kingalu. Nyuma yake binti na mzigo wa kuni. Baba wa nyumba yuko wapi? Kijiweni, anahesabu bodaboda zinazopita! Na huyo mama, kwa desturi ya Waluguru, ndiye shina la ukoo. Watoto ni wa kwake, na ardhi hufuata upande wake. Morogoro hii imewahi kutawaliwa na mwanamke, Simbamwene binti Kisabengo, aliyekuwa na ngome yake hapa mpelelezi Stanley alipopita mwaka 1871. Tumewapa wanawake ukoo, kisha tukawaachia na mzigo!

Usiniambie Zubeir naye hakuwa na uwezo. Ni kweli, hakuwa nao. Lakini ilimuuma, akasema. Wewe inakuuma? Lini ulimwambia mkeo?

Na kuna nyumba hapa Bigwa ambazo binti ni Muislamu na mama yake ni Mkatoliki, na binti amekatazwa kwenda kumsalimia. Amekatazwa na nani? Mama yake Bi. Asma, Qutaila, alikuwa mshirikina. Alipokuja Madina kumtembelea, Bi. Asma akamuuliza Mtume kama aunge udugu naye. Mtume akamwambia auunge. Anayemzuia mkewe asimwone mzazi wake asijifiche nyuma ya dini.

Msidhani aliyebeba kokwa alikuwa mnyonge. Mwanawe Urwa akawa miongoni mwa mafakihi saba wa Madina. Mwaka 73 Hijria, jemadari Hajjaj alipoizingira Makka, mwanawe Abdullah alikuja kumtaka ushauri. Bi. Asma alikuwa amekaribia miaka mia, macho hayaoni. Akamwambia kama anajua yuko kwenye haki, asimame nayo. Akasimama, akauawa, na mama akamkabili Hajjaj uso kwa uso. Siku chache baadaye naye akafariki.

Basi wanaume wa Bigwa, msingoje Maulidi! Kesho alfajiri amka, shika mkungu wewe, au lipa bodaboda imfikishe sokoni. Kuni kata wewe, maji chota wewe. Na mwenye binti aliyeolewa akamwona amelemewa, asiseme ameshamtoa mikononi mwake: Abu Bakr alikuwa baba mkwe, na ndiye aliyepeleka msaada.