HODI YA SIMU

Alhamdulillahi, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, darsa yetu ya mwezi huu ni juu ya jambo ambalo wengine wenu watalicheka, waseme: "Sheikh amekosa la kusema hata ameingia katika simu za watu?" Nasi hatuna budi kuliandika, kwani lilinifika mimi mwenyewe, tena mahali pa aibu.

Nilikwenda Nakuru kuwazuru ndugu zetu wa mtaa wa Bondeni, nao kwa hisani yao wakanitanguliza kuwasalisha Isha. Simu yangu nilikuwa nimeiondoa mlio, nikadhani nimemaliza, wala sikujua ya kuwa kuondoa mlio si kuondoa mtetemeko. Katika rakaa ya pili ikatetemeka mfukoni. Ikatetemeka tena, na tena. Mwili ulielekea kibla, na moyo ulikuwa mfukoni: Ni yule wakili wa shamba? Ni mtoto ameandika kutoka chuoni? Katika rakaa ya tatu nikakaa tahiyatu, na nyuma yangu nasikia "Subhanallah, Subhanallah". Nikainuka, nikatimiza, nikasujudu sijida za kusahau kabla ya salamu.

Nilipotoka nje nikatazama. Barua pepe tatu: ya kwanza duka la viatu lapunguza bei, ya pili hoteli niliyolala usiku mmoja miaka miwili nyuma yataka niisifu, na ya tatu yaniarifu kuwa mtu nisiyemjua leo ni siku yake ya kuzaliwa. Kwa ajili ya haya nimewatatiza watu sala yao! Na Mtume wetu (S.A.W.), aliposali na nguo yenye marembo, marembo hayo yakamshughulisha, alipomaliza aliamrisha irudishwe kwa Abu Jahm na aletewe nguo ya Abu Jahm isiyo na marembo. Hakusema kuwa nguo ni haramu. Aliiondoa mbele ya sala yake tu.

Sasa, enyi ndugu, tutazame hili jambo asili yake. Barua si kitu kipya. Tangu reli ilipofika Nakuru mwaka 1900, barua za Mombasa zilipanda na gari la moshi, zikawekwa posta, na hapo zikangoja. Mzee alikwenda na ufunguo wake wakati autakao, akafungua sanduku, akasoma. Barua haikumfuata kitandani. Hata barua pepe, alipoituma Ray Tomlinson kule Marekani mwaka 1971 kutoka mashine moja hata nyingine, nayo ilikaa ikamngoja mwenyewe. Kilichokuja baadaye ni kengele. Mwaka 1999 kampuni moja ya Kanada ilitoa kifaa cha BlackBerry, kikawafungia watu barua pepe kiunoni. Kisha zikaja simu hizi za leo, na kila duka likapata njia ya kuingia.

Nasi watu wa pwani tuna adabu ya hodi. Mgeni hukaa barazani, hapiti daka mpaka aambiwe karibu. Na adabu hii si ya kabila, ni ya dini. Abu Musa alibisha kwa Sayyidna Umar mara tatu, asipojibiwa akarudi zake; na alipoulizwa akataja kuwa ndivyo alivyofundisha Mtume, na Abu Said akamshuhudia. Tena katika Suratun-Nur Mwenyezi Mungu ametaja nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani na watumishi wasiingie ila kwa idhini: kabla ya Alfajiri, adhuhuri watu wavuapo nguo, na baada ya Isha. Ikiwa mtoto wako mwenyewe yampasa abishe, duka la viatu lina haki gani saa sita ya usiku?

Lakini hatusemi watu wazime kila kitu, kwani huo ni ujinga mwingine. Yuko kijana Naivasha anayeangalia chumba cha baridi cha maua; baridi ikipungua, simu humwarifu. Huyo ameajiriwa kwa hilo, na kunyamaza kwake ni khiyana. Na wako vijana wa Nakuru wanaowafanyia Wamarekani kazi kwa mtandao, na New York iko nyuma yetu kwa saa saba au nane, basi mchana wa kule ndio usiku wetu. Hao nawaambia: afikianeni na mwajiri saa za kujibu, muwe nazo, zaidi ya hapo ni hiari yenu. (Na wale wanaowaandikia wanafunzi wa kigeni mitihani yao, chumo hilo lina mjadala mwingine.)

Dawa yake si ngumu. Ingia katika mipangilio ya programu ya Gmail, mahali pa arifa: utapewa uchague zote, zenye umuhimu tu, au hapana. Maduka usiyoyataka, chini ya barua zao mna mahali pa kujiondoa, jiondoe. Kisha iko hali ya "Usinisumbue", nayo huwekewa saa zake, iingie yenyewe na kutoka yenyewe. Mimi nimeiwekea zile nyakati tatu na nyakati za sala. Barua nazisoma baada ya Alasiri, kama mzee aendaye posta. Hata waundaji wa Android, tangu toleo la 13 la mwaka 2022, wameirudia idhini: programu mpya haikuletei arifa mpaka ikuulize. Na sisi, kwa pupa, twabonyeza "ruhusu" bila ya kusoma.

Bwana mmoja wa Bondeni aliniuliza: "Na mamangu akiniita usiku, Sheikh, naye nimfungie mlango?" La. Katika hali hiyo ya "Usinisumbue" waweza kuwachagua watu ambao simu zao zitalia, basi mama awe wa kwanza. Na mtu yeyote akipiga mara ya pili ndani ya robo saa katika Android, au dakika tatu katika iPhone, ukiwa umeruhusu hivyo, simu italia. Bwana yule aliitoa simu yake papo hapo kibarazani, tukaliandika jina la mama yake.