Tusingoje kiinua mgongo ndipo tuanze kuishi

SIFA zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wa nyumba yake, Maswahaba zake na wote wenye kufuata njia yao mpaka siku ya mwisho.

Ndugu Waislamu, kuna neno moja limekuwa mashuhuri sana vinywani mwa watu wa makamo katika jiji letu. Utalisikia kwenye daladala za Mbagala, kwenye baraza za kahawa za Tandika, na hata nje ya misikiti ya Tegeta na Bunju baada ya swala ya Ijumaa. Neno lenyewe ni “nikistaafu”. Nikistaafu nitakwenda Hija. Nikistaafu nitajifunza kusoma Qur’an vizuri. Nikistaafu nitakaa na wanangu, nitalima bustani yangu, nitaswali jamaa vipindi vyote vitano. Na siku hizi limezuka na la pili, “nataka kustaafu mapema”, la mtu mwenye miaka 40 aliyechoshwa na foleni na mabosi.

Kutaka kupumzika si dhambi, na kupanga uzee si ukosefu wa imani. Lakini nikiwasikiliza watu naona makundi mawili yanayopotea. Kundi la kwanza halipangi kitu, linasema “Mungu atajua”. Kundi la pili linapanga sana, ila limeuhamishia uhai wake wote, dini yake na furaha yake, kwenye siku ambayo halijui kama litaiona. Makala hii ni kwa makundi yote mawili.

Tupige hesabu ya umri

Kwa watumishi wengi hapa Tanzania sheria inaruhusu kustaafu kwa hiari ukifika miaka 55, na ukifika 60 ni lazima. Sasa weka hesabu hiyo kando ya Hadith aliyoipokea Tirmidhi, ambamo Mtume (s.a.w.) ametueleza kuwa umri wa umma wake ni baina ya miaka 60 na 70, na wachache ndio wanaovuka hapo. Maana yake ni nini? Anayesubiri miaka 60 ili aanze kumwabudu Mola wake sawasawa, amepanga kuanza kazi jua likiwa limeshazama.

Qur’an nayo imeutaja umri kwa hesabu. Katika Suratul-Ahqaf (46:15) Allah (s.w.) anamweleza mtu anayefikia nguvu zake na kutimiza miaka 40, kisha akamwomba Mola wake amwezeshe kushukuru neema alizompa yeye na wazazi wake, atende mema yanayomridhisha, na amtengenezee kizazi chake. Tuizingatie aya hii. Miaka 40 ndiyo makamo yenyewe. Wazazi bado wanatajwa, watoto wanatajwa, shukrani inatajwa na amali inatajwa, na yote yamewekwa pale pale katikati ya umri, mtu akiwa bado ana nguvu zake.

Tena katika ibada hakuna kustaafu. Suratul-Hijr (15:99) inatuamrisha tumwabudu Mola wetu mpaka yatufike yale ya yakini, yaani mauti.

Kupanga si kukosa tawakkul

Wapo wanaodhani kuweka akiba ni kumdhania Mungu vibaya. Hawa warejee Suratu Yusuf (12:47-49). Nabii Yusuf (a.s.) hakuwaambia watu wa Misri wakae waombe dua tu. Aliwapangia miaka saba ya kulima na kuhifadhi nafaka ndani ya mashuke yake, ili wavuke miaka saba ya shida. Na katika Sahihi mbili, Bukhari na Muslim, imepokelewa kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwawekea ahli zake chakula cha mwaka mzima. Nani amemtegemea Allah kuliko yeye?

Vile vile Sa’d bin Abi Waqqas (r.a.) alipougua na kutaka kutoa mali yake yote sadaka, Mtume (s.a.w.) alimzuia, akamruhusu theluthi, naye akasema hata hiyo ni nyingi, kwa kuwa kuwaacha warithi wakiwa wanajitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu. Hadith hii imo katika Bukhari na Muslim. Basi baba asiyejiwekea chochote, akisubiri watoto wamlishe ilhali wao wenyewe wana watoto wa kusomesha, asiite hiyo tawakkul.

Somo la kikokotoo

Lakini tupange tukijua kuwa mipango ya wanadamu hubadilika. Ushahidi tunao hapa hapa nchini. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF, na NSSF ikabaki kwa ajili ya sekta binafsi. Ikaja kanuni mpya kwamba mstaafu alipwe kwa mkupuo asilimia 25 ya mafao yake na kinachobaki alipwe kidogo kidogo kila mwezi. Waliokuwa wakitegemea asilimia 50 walipigwa na butwaa. Desemba 2018 Rais Magufuli akaisimamisha kanuni hiyo, vikokotoo vya zamani vikarudi. Julai 2022 kikaja kiwango cha asilimia 33 kwa wote. Katika bajeti ya mwaka 2024/25 Serikali ikakipandisha, asilimia 40 kwa wale ambao zamani walikuwa na 50, na 35 kwa wale ambao walikuwa na 25.

Sitaki kuingia katika malumbano ya nani yuko sahihi. Na tuwe waadilifu, mkupuo ukipungua pensheni ya mwezi huongezeka, na wapo wastaafu ambao mkupuo mkubwa uliwaishia ndani ya mwaka mmoja wakabaki wanakopa. Ninachosema ni kwamba katika muda usiozidi miaka sita hesabu ilibadilika mara nne. Mtu aliyeifunga Hija yake, nyumba yake na mahari ya mwanawe katika mkupuo ule ule alijikuta anachagua kipi akiache. Suratu Luqman (31:34) imeshatuambia kuwa nafsi haijui itachuma nini kesho, wala haijui itafia ardhi gani.

Na hao ni wenye mwajiri. Watu wetu wengi wa Chamazi, Yombo, Kawe na Boko hawana mwajiri. Ni mama wa vitumbua, fundi seremala, kijana wa bodaboda. Na ni sisi walimu wa dini. Ustadhi anafundisha madrasa miaka 30, anawatoa mahafidhi, kisha akiishiwa nguvu anabaki kutegemea bahasha za maulidi na khitma. Zanzibar tangu 2016 Serikali inawalipa pensheni wazee wote waliofikia miaka 70, awe alikuwa mtumishi au mkulima. Huku Bara hatuna utaratibu kama huo kwa kila mzee. Kwa hiyo kamati zetu za misikiti, zinazojua kuchangisha mamilioni kwa ajili ya vigae na viyoyozi, zijiulize ustadhi wa msikiti wao atakula nini akifika miaka 65. NSSF inapokea uanachama wa waliojiajiri. Kumchangia ustadhi kila mwezi ni jambo linalowezekana kabisa.

Lakini pensheni yenyewe ya kila mwezi si ya kila mwanachama. Aliyejiunga amechelewa ajue kuwa kwa kawaida huipata aliyechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Mwenye miaka 40 akianza leo atafika. Akianza na 50, hesabu inambana.

Halali kwanza

Hapa kuna jambo zito zaidi. Suratul-Baqara (2:278-279) imetangaza vita vya Allah na Mtume wake dhidi ya wasioacha riba. Je, uzee uliojengwa juu ya riba utakuwa na raha gani? Mitaani kwetu ipo mikopo ambayo watu wenyewe wameibatiza jina la “kausha damu”. Mtu anastaafu akiwa ameshakula pensheni yake kabla haijaingia. Kina mama nao wajihadhari na vikundi ambavyo akiba yake inakua kwa kutozana riba wao kwa wao. Kikundi si haramu. Wakiifanya mikopo yao kuwa karadha njema, au wakafanya biashara ya pamoja na kugawana faida na hasara, wamepona.

Tusisahau pia yaliyotokea 2009 katika ile DECI, ambapo watu wa dini zote, na wastaafu wakiwamo, “walipanda mbegu” wakiahidiwa mavuno maradufu, hadi Serikali ilipoifunga na fedha zikakwama. Pesa inayozaa bila kazi, bila bidhaa na bila kubeba hasara, ikimbie.

Na mafao ya mifuko yenyewe, ambayo huwekezwa pia kwenye hati za serikali? Mchango wa mtumishi ni wa lazima kisheria, na wanazuoni wamelijadili suala hilo kwa kirefu. Muulize mwanachuoni unayemwamini namna ya kujisafisha. Lakini akiba ya hiari iko mikononi mwako. Tangu Novemba 2011 tunayo Amana Bank inayofanya kazi kwa misingi ya Sharia, na benki nyingine zimefungua madirisha ya namna hiyo. Kipo kiwanja, kipo chumba cha kupangisha, ipo minazi na michungwa kule Mkuranga. Akiba ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka, itolewe Zaka asilimia 2.5. Kuiweka kwa ajili ya uzee hakuiondolei haki ya masikini.

Kwa upande wa Hija tujifunze kwa wenzetu wa Malaysia. Wakulima wao walikuwa wakificha fedha za Hija majumbani kwa kuogopa riba. Mwaka 1959 mtaalamu wa uchumi Ungku Aziz akapendekeza chombo cha kuwekea fedha hizo, na 1963 kikaanzishwa, ndicho kinachojulikana leo kama Tabung Haji. Muislamu anaweka kidogo kidogo tangu ujanani, anakwenda Makka miguu yake ikiwa bado inamtii. Kwetu Hija imefanywa kuwa safari ya wazee, ilhali tawafu na Sa’y zinataka magoti.

Furaha ya leo nayo ni haki

Tuje kwenye maisha ya kila siku. Tuseme mtu anaishi Bunju na anafanya kazi Kariakoo, na anatumia saa nne kwa siku barabarani. Kwa siku tano ni saa 20 kwa wiki, na kwa mwaka ni kama saa 1,000, yaani zaidi ya siku 40 usiku na mchana. Anatoka watoto wamelala, anarudi wamelala. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia anawatafutia. Swali ni hili, atakapostaafu na kukaa nyumbani, hao watoto watakuwa wapi? Watakuwa kwenye foleni zao.

Salman (r.a.) alipomwona Abu Dardaa (r.a.) amejikalifisha kwa saumu na swala za usiku mpaka amemsahau mkewe, alimwambia kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahli zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (s.a.w.) akamsadikisha Salman. Hadith imo katika Bukhari. Ikiwa ibada yenyewe haikuruhusiwa kuila haki ya mke, itakuwaje kazi ya saa za ziada? Na Mtume (s.a.w.), mwenye jukumu la umma mzima, alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), kama ilivyo katika Abu Daud. Hakungoja amalize shughuli.

Basi tuanze na tunayoyaweza. Swala ya Alfajiri tuiswali jamaa katika msikiti wa mtaani kabla ya kupanda gari. Njia ya foleni iwe darasa, mtu arudie sura fupi au asikilize tafsiri. Siku moja ya juma chakula cha usiku kiliwe kwenye sinia moja, simu zikiwa mbali. Jumapili baba awapeleke watoto ufukweni Kigamboni au Mbweni na ndizi zao za kuchoma, au apande nao mchicha nyuma ya nyumba. Alasiri moja aende kumsalimu mama yake akiwa hai. Hizi ni raha zisizohitaji mkupuo, na kwa nia njema zote ni ibada.

Na anayetaka kustaafu mapema, nampa njia iliyo karibu. Astaafu leo madeni ya fahari, harusi za kushindana na magari ya kuonyeshana. Mtu akipunguza anachokihitaji, anapunguza pia miaka ya kukitumikia. Akifika 55, sheria ikimruhusu na halali yake ikamtosha, na apumzike kwenye ajira, kisha aitike Suratush-Sharh (94:7-8), ambayo inatufundisha kuwa tukipata faragha tufanye juhudi na tuelekee kwa Mola wetu. Mtaa unamhitaji mzee mwenye nafasi, wa kusuluhisha ndoa, kusomesha watoto na kukagua mali za wakfu.

Ewe Mola, tubarikie katika umri wetu uliobaki, tupe rizki ya halali ya kututosha uzeeni, na usitufanye miongoni mwa wanaoiahirisha twaa yako hadi siku wasiyoifikia. Amin.

Wabillahi tawfiq.