Hiari ya Kiumbe wa Wino

Katika mwezi wa Septemba 1951, wasomaji wa magazeti ya Marekani walimwona mtoto mchanga wa katuni, jina lake Schroeder, aliyeingizwa katika mfululizo wa Peanuts miezi michache tu kabla ya hapo, akikalishwa mbele ya kinanda kidogo cha kuchezea, na papo hapo, pasi na mwalimu wala mazoezi, akikipiga kama wapigavyo mabingwa katika majumba makubwa ya muziki. Tangu siku hiyo hata mfululizo ulipokoma, karibu miaka 50 baadaye, hakukiacha kinanda kile wala hakumwacha Beethoven, ambaye siku ya kuzaliwa kwake, tarehe 16 Desemba, Schroeder aliiadhimisha kama sikukuu. Chanzo cha uraibu huo wa ghafula kilikuwa kitu kidogo: mchoraji, Charles M. Schulz, alikuwa amemnunulia binti yake kinanda cha namna hiyo, akakiona nyumbani, akampa mtoto wa wino.

Kinanda chenyewe chastahili kutazamwa kwa makini. Ni kifupi kiasi cha kumlazimu mpigaji kuketi chini, mgongo umepinda na pua imekaribia vibao. Na vile vibao vyeusi, ambavyo katika kinanda cha kweli huwa na sauti zao mahsusi, katika hiki vimepakwa rangi tu juu ya mbao, havibonyezeki wala havilii. Hata hivyo juu ya kichwa cha mtoto hupita mistari ya noti, na noti hizo si mapambo, kwa kuwa Schulz alizinakili kwa uangalifu kutoka katika maandishi ya muziki ya kweli, hata msomaji ajuaye kuzisoma huweza kutambua ni utungo gani unaopigwa. Tena Schulz mwenyewe alimpenda Brahms zaidi, akamchagulia mtoto Beethoven kwa sababu jina hilo lilimfurahisha sikioni. Basi tunaye mpigaji asiyejifunza, chombo kisichoweza kutoa sauti zote hizo, na mapenzi ambayo hata aliyeyatia hakuwa nayo kwa kadiri hiyo. Na juu ya hayo yote hatusiti kusema kwamba Schroeder anampenda Beethoven. Haki ya kusema hivyo tumeipata wapi, ilhali kila kidole chake kiliinuliwa na mkono wa mtu mwingine?

Swali hili, lijapokuja limevaa nguo za kitoto, ni lile lile lililowakesha wanazuoni wa ilmu ya itikadi kwa karne nyingi. Maulamaa wa Kiash'ari, ambao njia yao ndiyo iliyoenea kwa Mashafii wa pwani yetu, walishikilia kwamba hakuna katika ulimwengu kitu chenye athari kwa nguvu yake chenyewe: moto hauunguzi, kisu hakikati, na chakula hakishibishi, bali Mwenyezi Mungu huumba kuungua wakati moto unapogusa, na huumba kushiba wakati chakula kinapoliwa. Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, alitoa mfano wa pamba na moto, akasema kwamba tukionacho sisi ni kuungua pamoja na kugusana, wala hatuoni kuungua kwa sababu ya kugusana. Wanafunzi wengi huusikia mfano huo wakauona mgumu, kwa kuwa macho yamezoea kuunga jambo na jambo. Lakini atakayeyatazama masanduku manne ya picha yaliyopangwa gazetini ataufahamu bila ya taabu. Katika sanduku la kwanza kidole kimeshuka juu ya kibao, na katika la pili noti zimejaa hewani. Kati ya hayo mawili hamna kitu ila karatasi nyeupe. Kidole hakikuzaa sauti. Kalamu ile ile iliyochora kidole ndiyo iliyochora noti, na laiti ingetaka ingechora kimya, au ndege, au mvua. Vile vibao vya rangi ambavyo havilii ni ushahidi wa wazi kwamba sauti haikutoka katika mbao.

Sisemi haya kwa kumfananisha Muumba na fundi wa gazeti, kwani Yeye ametakasika na kila mfano, na zaidi ya hayo fundi wa kibinadamu hujaribu, akafuta, akajuta, akagundua leo alichokuwa hakijui jana, mambo ambayo hayamjuzu Mola. Nasema tu kwamba kiumbe wa wino anatuonyesha hali yetu sisi kutoka upande ambao kwa kawaida hatuwezi kusimama, yaani upande wa nje ya sanduku.

Naye Ibn Rushd wa Kurtuba, aliyemjibu Ghazali baada ya Ghazali kufariki, alisema kwamba akataaye sababu ameikataa na akili yenyewe, kwa maana kujua kitu ni kuzijua sababu zake. Mimi naona kwamba katika katuni mzee huyu naye ana fungu lake. Lau Schulz angalimfanya Schroeder apende kinanda Jumatatu, akichukie Jumanne, na Jumatano awe hajapata kukiona, hakuna msomaji ambaye angalimfuata hata mwezi mmoja, wala hapangalikuwa na Schroeder wa kufuatwa. Waash'ari wenyewe walilijua jambo hili, wakaliita ada, nao ni ule utaratibu ambao Mwenyezi Mungu ameupitisha kwa ukarimu wake, moto na kuungua vikaja pamoja leo na kesho, ili waja wapate kupika, kupanda na kusafiri. Mchoraji mwenye amana naye hushika ada kwa viumbe vyake, na katika ada hiyo, iliyorudiwa asubuhi baada ya asubuhi, hupatikana kile tunachokiita tabia. Schroeder ana tabia kwa kuwa mkono uliomchora ulikuwa mwaminifu kwake.

Lakini uraibu wa ghafula, je, si kuivunja ada? Dorothy L. Sayers, Mwingereza aliyejulikana kwa hadithi za upelelezi kabla hajaielekea elimu ya dini yake ya Kikristo, alilichunguza jambo hili katika kitabu chake The Mind of the Maker cha mwaka 1941. Asimulia kwamba kulikuwa na mpenzi wa vitabu vyake aliyekuwa na yakini kuwa mpelelezi wake, Lord Peter Wimsey, mwisho wa safari atakuwa Mkristo wa imani thabiti. Naye akajibu kwamba kwa jinsi amjuavyo mtu huyo, hakuna jambo lililo mbali zaidi. Jibu hilo lataka kutafakariwa. Mwandishi alikuwa na kalamu mkononi, angaliweza kumsilimisha au kumbatiza apendavyo kwa mstari mmoja, na yeye mwenyewe alikuwa muumini ambaye bila shaka angalifurahi. Akakataa, kwa kuwa kumlazimisha kiumbe jambo lisilo lake ni kumwua na kuiacha ngozi yake itembee.

Tuchukue mfano wa yule mbwa wa Peanuts, Snoopy, maarufu kuliko wenzake wote. Alitokea Oktoba 1950 akiwa mbwa kama mbwa wengine, anatembea kwa miguu minne na kulala ndani ya kibanda chake. Mwaka 1952 fikira zake zikaanza kuandikwa ili msomaji azisome. Mwaka 1956 akasimama kwa miguu miwili. Halafu, katika mwaka mmoja wa 1965, akapata shughuli mbili ambazo hapana aliyezitazamia: mwezi wa Julai alikaa juu ya paa la kibanda na mashine ya taipu, akaanza kuandika hadithi, na mwezi wa Oktoba akavaa kofia na miwani ya rubani, kile kibanda kikawa ndege ya vita, akaruka kwenda kupigana na Mjerumani mashuhuri wa Vita Vikuu vya Kwanza, Manfred von Richthofen. Mbona hapakutokea msomaji wa kunung'unika kwamba mbwa ameharibiwa? Kwa sababu miaka mingi kabla ya hapo alikuwa keshajigeuza tai, keshajigeuza nyoka, akiwaiga wanyama hawa na wale kwa kuchoka kuwa mbwa; urubani ulikuwa umelala ndani yake ukingoja siku yake. Na Schulz, aliyeitwa jeshini mwaka 1943 na kumzika mama yake mwaka huo huo, alikuwa na jambo la kusema juu ya askari aliye mbali na kwao, jambo ambalo huenda asingeweza kulisema kwa kinywa cha mtu mzima. Hukumu yangu ni kwamba uraibu mpya ni halali kwa kiumbe ukiwa unafunua kilichokuwamo, hata kama mwenyewe alikuwa hakijui, na ni dhuluma ukiwa umebandikwa kwa haja ya mbandikaji, kama vile kuuza bidhaa mpya msimu wa sikukuu.

Sasa na tuwageukie wale wachoraji wa ridhaa, ambao ni wengi kuliko mafundi wote waliopata kuwako. Askari wa Marekani waliopelekwa Vietnam walimchora Snoopy kwenye ndege na mavazi yao. Watoto wa mataifa yasiyohesabika wamemchora katika madaftari ya hesabu, pua imekuwa kubwa mno, sikio limening'inia upande usiokuwa wake, na mbele ya Schroeder noti za Beethoven zimetawanyika kama sisimizi waliopotezana na safu yao. Watu hawa wamefanya nini? Hawakubuni kitu, pua si yao, kibanda si chao. Mwenye kupenda kulaumu atasema wameiba, na mwenye kupenda kudharau atasema wamepoteza wakati.

Hapa Waash'ari hunisaidia tena kwa lile fundisho lao la chumo. Walisema kwamba kitendo cha mja kimeumbwa na Mwenyezi Mungu, walakini mja hukichuma kwa nia na azma yake, kikawa chake, akasifiwa kwacho au akahukumiwa kwacho, ingawa hakukiumba. Wako waliolicheka fundisho hili kwa unyembamba wake, nami nakiri kwamba ni jembamba. Lakini sijaona jingine linaloeleza vema zaidi kazi ya mtoto na penseli. Umbo alilipokea. Kulipenda ni kwake, kulichagua miongoni mwa maumbo mengi ni kwake, kuinama juu ya karatasi alasiri nzima ulimi umetoka pembeni mwa mdomo ni kwake, na lile kosa la sikio nalo ni lake, halidaiwi na Schulz. Pale alipolichuma pana mtu, na pasipo chumo pana nakala tu.

Najua kwamba katika dini yetu kumekuja makemeo mazito juu ya watengenezaji wa sanamu na picha za vyenye roho, na kwamba maulamaa wamehitilafiana, wengine wakikataza yote, wengine wakitenga chenye kivuli na kisicho na kivuli, na aghalabu wakiruhusu wanasesere wa watoto kwa ushahidi wa wale aliokuwa akicheza nao Bibi Aisha. Fatwa ina wenyewe, nami si mmoja wao. Ila sababu inayotajwa mara kwa mara katika makemeo hayo ni kushindana na uumbaji wa Mwenyezi Mungu, na mimi sioni ushindani wowote kwa mtoto achoraye mbwa asiyepata kuwako, kwa kumfuata mtu mwingine, akijua kwamba hatafikia. Hilo ni jambo la unyenyekevu.

Na Schulz mwenyewe alitoka katika kundi hilo hilo. Mwaka 1937, akiwa kijana wa miaka 14, alituma kwa Ripley, mwenye safu ya michoro ya maajabu magazetini, picha ya mbwa wa kwao, Spike, aliyekuwa akimeza pini na nyembe, ikachapishwa. Na mbwa yule ndiye aliyekuja kuwa asili ya Snoopy. Baadaye alisoma uchoraji kwa njia ya posta, na katika somo la kuchora watoto, yeye ambaye watoto wake wa wino wangekuja kujulikana duniani kote, akapewa C+. Alipotoka vitani chuo kile kile kikamwajiri kusahihisha michoro ya wanafunzi iliyoletwa kwa bahasha, yaani kila siku alikuwa na masikio yaliyokaa upande usio wake juu ya meza yake.

Kwa hiyo wanaomlaumu kwa kumkataza mtu mwingine asiendeleze Peanuts gazetini baada yake, wakadai kwamba ni choyo, hawakumfahamu. Alichora michoro 17,897, na katika miaka ya mwisho, mkono ulipokuwa ukitetemeka hata mstari ukawa na mawimbi, hakumpa msaidizi wino. Alilinda jambo moja tu: haki ya kusema ni nini kimempata Schroeder. Mtoto wa Tanga akimchora Schroeder ameacha kinanda na kushika ngoma, hiyo ni rai yake na furaha yake, wala haiwi historia ya Schroeder. Na maadamu mambo hayo mawili hayajachanganywa, hakuna aliyedhulumiwa. Schulz alifariki tarehe 12 Februari 2000, na mchoro wake wa mwisho ukachapishwa magazetini kesho yake. Tangu hapo magazeti hurudia ya zamani, na hakuna jipya lililoongezwa. Mimi nasema alifanya sawa, na watoto wanaoendelea kumchora mbwa wake wanafanya sawa. Basi mwalimu atakayelikuta sikio la Snoopy pembeni mwa hesabu za kugawanya, namwomba asahihishe hesabu na aliache sikio.