Mkunga Tunamwamini, Daktari wa Kike Je?

Kwetu Chula, katika visiwa vya Wabajuni, kazi ya kuzalisha ni ya mwanamke tangu zamani. Mkunga ndiye ajuaye mtoto amekaa vipi tumboni na uchungu umefika wapi. Sijasikia mume akiuliza kama akili ya mwanamke yatosha kwa kazi hiyo. Lakini msichana akisema anataka kuwa daktari, swali hilo huulizwa papo hapo. Je, kimebadilika nini? Mwili ni ule ule na hatari ni ile ile. Kilichoongezeka ni cheti, mshahara na cheo. Kwa hiyo naona kwamba ubaguzi huu hautokani na shaka juu ya akili ya mwanamke. Wanaobagua wanashindania heshima na malipo ya elimu.

Husemwa kuwa wasichana wamekosa mfano wa kuiga katika sayansi. Mfano tunao, tena Somalia. Dkt. Hawa Abdi alizaliwa Mogadishu mwaka 1947. Mama yake alifariki kwa matatizo ya uzazi yeye akiwa bado mtoto, akaazimia kuwa daktari. Mwaka 1964 alikwenda kusomea udaktari Kyiv, na mwaka 1983 akafungua kliniki yake nje ya Mogadishu, upande wa Afgooye. Vita vilipozuka mwaka 1991, waliokimbia makwao walijaa katika ardhi yake, hata baadaye wakafika watu wapatao 90,000. Mei 2010 wapiganaji wa Hizbul Islam waliivamia hospitali, wakidai mwanamke hafai kuiongoza. Alikataa kuikabidhi, akataka waombe radhi kwa maandishi, nao wakaandika. Binti zake wawili, Deqo na Amina, nao walisomea udaktari.

Kisa hiki nakipenda, lakini kina mtego. Ni rahisi kumwambia msichana: Hawa Abdi aliweza, wewe washindwaje? Hapo mfano umegeuka kipimo. Mvulana haulizwi kama yu tayari kusimama mbele ya bunduki ndipo aruhusiwe kusoma kemia. Yeye huruhusiwa kuwa mtu wa kawaida, hata akipata alama za wastani. Msichana naye anastahili ruhusa hiyo hiyo.

Mwenzangu mmoja alinipinga. Alisema tatizo letu ni vita na umaskini wala si jinsia, kwani hata wavulana hawana maabara. Amesema kweli, lakini nusu. Umaskini hutulazimisha kuchagua. Haututajii wa kumchagua. Nauli ya mashua kwenda Kismayo pamoja na ada zikitosha mtoto mmoja tu, nani hupanda? Jibu hujulikana kabla nanga haijang'olewa. Uamuzi huo ni wetu, na hatuwezi kuutupia vita.

Mfano wa kuiga una faida yake, hasa kwa mzazi, ambaye huona kwamba binti aliyesoma hakupotea. Lakini mfano haulipi nauli. Sisi tunaosoma leo ndio wazazi na walimu wa kesho. Siku fedha zitakapotosha mtoto mmoja, tuulize nani ana hamu na uwezo wa somo lile, kisha tumpandishe huyo, awe wa kike au wa kiume.