Mwendo Hupunguzwa Kabla ya Daraja

Kuna mchezo wa nchi za baridi unaowashangaza watu wa kwetu wanapouona kwenye televisheni. Mtu anateleza juu ya theluji kwa mbao mbili nyembamba zilizofungwa miguuni, bunduki mgongoni, akihema kama anayefukuzwa. Ghafla anasimama, anashusha bunduki, anafyatua risasi tano, anaitupia tena mgongoni na kutokomea. Mchezo huo huitwa biathloni. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao hushindana ndani yake kwenye michezo yao ya dunia ya majira ya baridi, iliyoanzia Chamonix, Ufaransa, mwaka 1960, na ambayo Januari 2025 ilifanyika Torino, Italia.

Hapa Pangi theluji haijulikani wala hakuna anayeingoja. Hata hivyo kijana wa Pangi anayejiandaa kwenda kusoma Kindu, au anayetaka kuacha shimo la madini aanze biashara, ana la kujifunza kwa wateleza theluji hao.

Tuitazame kazi yao kwa karibu. Bunduki ina uzito usiopungua kilo 3.5. Shabaha ziko umbali wa mita 50. Anayepiga amelala kifudifudi hulenga duara la milimita 45. Anayepiga amesimama hulenga la milimita 115. Kwa mtu aliyetulia, hilo halina shida kubwa. Lakini huyu ametoka kupanda kilima kwa nguvu zake zote. Moyo unamdunda, na kila pigo linautikisa mtutu. Ndiyo maana anayeujua mchezo haingii kwenye uwanja wa shabaha kwa kasi ileile aliyotoka nayo kilimani. Kabla hajafika analegeza miguu, anavuta pumzi ndefu, anaacha kuwa mkimbiaji ili awe mpigaji. Asiyefanya hivyo hulipa papo hapo: katika mashindano mengi, kila shabaha iliyokoswa ni mzunguko mmoja wa adhabu wa mita 150, na wakati anazunguka wenzake wanakwenda zao.

Tarehe 15 Februari 2022, kwenye Olimpiki ya Beijing, wanaume walishindana mbio za kupokezana, watu wanne kwa kila timu, kila mmoja kilomita 7.5. Warusi, walioshiriki bila bendera ya nchi yao, walimwachia Eduard Latypov zamu ya mwisho. Akafika kwenye shabaha za mwisho akiwa anaongoza. Katika mbio hizo mpigaji hupewa risasi tatu za akiba, kwa hiyo ana risasi nane za kuangusha shabaha tano. Latypov alizimaliza zote nane, na shabaha mbili zikabaki zimesimama. Akaenda kuzunguka mara mbili. Vetle Sjåstad Christiansen wa Norway akapita na dhahabu, Ufaransa ikachukua fedha, na Warusi wakaambulia shaba.

Miguu ya Latypov haikuwa na kosa. Ndiyo iliyomfikisha pale akiwa wa kwanza. Ila mbele ya shabaha miguu haina kazi, na sifa zake haziwezi kuulipia mkono deni lake. Watu wengi huogopa kuanguka katikati ya kazi, kumbe wengi huangukia mpakani, pale kazi moja inapokwisha na nyingine inapoanza, kwa sababu wanaingia katika ya pili na mwendo wa ya kwanza.

Motari wa barabara ya Kindu kwenda Kalima analijua hili bila kufundishwa na Mrusi. Kipande kikavu humpa raha, naye hukaza mwendo. Lakini akiona daraja la magogo hangoji gurudumu la mbele ligonge gogo ndipo akumbuke breki. Anapunguza angali udongoni, anachagua gogo lake, kisha anapita. Anayepunguza akiwa tayari juu ya magogo amechelewa.

Mwenzetu mmoja wa Afrika Mashariki aliuona mpaka huo wa kazi mbili mbele ya dunia nzima. Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa Kenya. Mwaka 1996 kampuni ya Nike iligharimia safari yake na Henry Bitok kwenda Finland wafundishwe kuteleza. Mawazo yalikuwa mepesi: Wakenya wana mapafu, theluji itawanyenyekea. Tarehe 12 Februari 1998, huko Nagano, Japani, Boit aliingia katika mbio za kilomita 10. Mapafu alikuwa nayo, lakini theluji ilimdai kitu kingine: kujua lini ubao uteleze na lini ushike, namna ya kuhamisha uzito, namna ya kushuka mteremko bila kuanguka. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alifika wa mwisho, wa 92, dakika 20 baadaye. Dæhlie alikuwa bado anamngoja mwishoni mwa njia, akamkumbatia.

Wako waliocheka. Walioelewa waliona kuwa bingwa yule alijua thamani ya kujifunza kazi ngeni ukubwani. Boit hakuona aibu kuwa mwanafunzi. Alirudi kwenye Olimpiki ya 2002 kule Salt Lake City, na tena ya 2006 kule Torino. Waliokosea ni wale waliodhani nguvu za kiwanja kimoja huhamia kingine kama mzigo unaohamishwa lori hadi lori.

Wazee wa Kirega hawakuliacha jambo hili mikononi mwa bahati. Katika Bwami, chama chao cha kimila, daraja zilipandwa moja baada ya nyingine, hadi ile ya juu kabisa, kindi. Aliyefika daraja ya ngandu hakuhesabiwa kuwa tayari amefika inayofuata, yananio. Alianza upya: kutafuta wa kumsimamia, kutoa mali, kukaa chini na kufundishwa kwa methali, ngoma na vinyago. Wabelgiji walipiga marufuku Bwami mwaka 1948, lakini mafundisho yake hayakuzimika.

Siku hizi kijana anatoka sekondari akiwa wa kwanza darasani. Kule alisifiwa kwa kukariri daftari la mwalimu. Anafika chuo kikuu, anaendelea kukariri, na kipindi cha kwanza kinamwangusha, kwa kuwa huku anaulizwa anavyofikiri. Mchimbaji anayeacha shimo awe mnunuzi wa madini anaingia sokoni na ushujaa wa shimoni, wakati mizani na hesabu zinataka subira. Wote wawili wana bidii. Kilichowaponza ni kwamba hawakubadilisha mwendo.

Kwa hiyo, kijana, ukishinda mahali, furahi siku hiyo. Kesho yake uliza kazi inayokuja inataka nini, na katika uliyoyazoea ni lipi litakalokugharimu. Mtafute aliyeitangulia, ukae chini umsikilize, hata kama jana wewe ndiye uliyekuwa unasikilizwa. Usipopunguza mwendo kwa hiari yako, mzunguko wa adhabu utakupunguzia.